Kioo cha Laptopu Kinapocheza na Macho Yanapouma: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kumlipa Fundi

Mtu anaposema kwamba kioo cha laptopu yake kinacheza, huenda anamaanisha jambo moja kati ya mawili ambayo hayana undugu. La kwanza ni kioo kinachowaka na kuzima waziwazi, kiasi kwamba hata aliyeketi pembeni anakiona. La pili ni kioo kilichotulia kabisa machoni pa ofisi nzima, isipokuwa kwa mtu mmoja ambaye baada ya nusu saa macho yake huanza kuchoma, paji la uso likambana na kichwa kikaanza kumgonga, naye akihamia mashine ya jirani dalili zinapungua. La kwanza ni la fundi. La pili mara nyingi halimhusu fundi wala daktari, kwa kuwa linatokana na jinsi kioo kilivyoundwa kupunguza mwangaza wake, na hatua ya kwanza ya kulitatua ni kinyume cha ile ambayo karibu kila mtu huikimbilia: unaongeza mwangaza badala ya kuupunguza.

Mwongozo huu unaanza na lililo rahisi kutambua, kisha unakaa zaidi kwenye lile la pili. Umeandikwa kwa kuwafikiria watumiaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na miji ya jirani, ambako kukatika kwa umeme, baridi ya katikati ya mwaka na soko la mashine zilizokwishatumika vina mchango wao katika tatizo. Katika kila hatua badilisha kitu kimoja tu, ukitumie kwa muda, ndipo uende kwenye kingine; aliyesasisha draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani cha mashine), akabadilisha chaja na kununua miwani siku hiyo hiyo hatajua kamwe ni kipi kilichomsaidia.

Kioo kinawaka na kuzima waziwazi

Kabla ya kugusa chochote, washa mashine upya na uingie kwenye BIOS, yaani ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kwa kubonyeza F2, F10, Delete au kitufe kingine kutegemea aina ya mashine. Hapo Windows haijaanza wala draiva ya picha haijapakiwa. Kioo kikiendelea kucheza ndani ya BIOS, tatizo liko kwenye vifaa: kioo chenyewe, waya wake au bodi. Kikitulia humo na kuanza kucheza Windows inapofunguka, shuku programu kwanza. Kipimo cha pili ni kuunganisha monita au televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikiwa safi kwenye televisheni huku kioo cha laptopu kikihangaika, huenda kadi ya picha haina kosa, na uchunguzi unabaki kwenye kioo na waya wake.

Waya huo ndio mkosaji wa kawaida kwenye mashine zilizotumika sana. Ni utepe mwembamba unaotoka kwenye bodi, unapita ndani ya bawaba na kuishia nyuma ya kioo, na kila unapofungua au kufunga mfuniko unakunjwa mahali pale pale. Dalili yake ni kwamba kioo kinafuata pembe. Pale Mwanjelwa, Mbeya, utamkuta mwalimu amesimama mbele ya meza ya fundi, amekata tamaa, anauliza, "Mwanangu, ndiyo kioo kimekufa?" Fundi anaushika mfuniko kwa vidole viwili na kuulaza nyuma polepole, picha inakuja. Anausimamisha kidogo, mistari inapita na kioo kinakuwa cheusi. "Hapana mama, kioo ni kizima. Waya ndio umechoka." Kubadilisha waya ni nafuu kuliko kubadilisha kioo, kwa hiyo ukitajiwa bei ya kioo kizima kabla mtu hajalaza mfuniko mbele yako namna hiyo, omba apime kwanza.

Kuna kisa kingine kinachofanana na kuharibika lakini si kuharibika. Laptopu nyingi zina kihisi cha sumaku kinachoiambia mashine kwamba mfuniko umefungwa. Ukiweka simu yenye kava la sumaku, au ukivaa bangili yenye kifungo cha sumaku, mkono ukipita karibu na kihisi hicho pembeni mwa kibodi, kioo kinazima ghafla na kurudi ukiuondoa.

Ikiwa BIOS imetulia, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, kisha uliangalie dirisha hilo. Kipimo hiki kinapendekezwa na Microsoft wenyewe: dirisha la Task Manager likicheza pamoja na kila kitu kingine, chanzo kwa kawaida ni draiva ya picha; kila kitu kikicheza isipokuwa dirisha hilo, kuna programu isiyopatana na mfumo, na inabidi uisasishe au uiondoe. Kwa draiva, rudisha ile ya awali ikiwa tatizo lilianza baada ya masasisho, au pakua toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji wa mashine. Ikiwa ni kivinjari peke yake kinachocheza, zima matumizi ya kadi ya picha ndani ya mipangilio yake kabla ya kuhangaika na mengine.

Kinacheza kwenye betri tu, au kwenye chaja tu

Tofauti hii ina thamani kubwa, kwa sababu mashine hubadilisha tabia yake kimyakimya kila unapochomeka au kuchomoa chaja. Ikiwa kwenye betri, baadhi ya laptopu hupunguza idadi ya picha kwa sekunde ili kuokoa nguvu, kwa mfano kutoka 60 hadi 48 au 40, na mtu mwepesi kuhisi mabadiliko anaweza kuona kioo kimekosa utulivu. Fungua sehemu ya Display kwenye mipangilio ya Windows, ingia kwenye mipangilio ya juu ya kioo, uchague kiwango kimoja kisichobadilika.

Kuna pia mbinu za kuokoa betri zinazobadilisha mwangaza kulingana na kilichoonyeshwa. Ukitoka kwenye ukurasa mweupe kwenda kwenye picha nyeusi, mwangaza unapanda au kushuka wenyewe baada ya sekunde moja au mbili, na mtumiaji anabaki kudhani macho yake yanamdanganya. Kwenye mashine zenye kadi ya picha ya Intel, kipengele hicho kimo katika sehemu ya nguvu ya programu ya Intel ya kudhibiti picha; kwenye AMD kinaitwa Vari-Bright; na Windows 11 ina chake, kilichopo kwenye mipangilio ya mwangaza. Zima vyote. Katika sehemu ile ile ya Intel utakutana na Panel Self Refresh, kipengele kinachokiacha kioo kionyeshe picha ile ile kutoka kwenye kumbukumbu yake ili kadi ya picha ipumzike. Kwenye baadhi ya vioo hicho ndicho huleta mtetemo mdogo maandishi yakiwa yametulia, nacho pia kinafaa kuzimwa kwa majaribio.

Mashine inapocheza ikiwa kwenye chaja, watu wengi hulaumu umeme mdogo na kwenda kununua stabilaiza. Soma kwanza maandishi yaliyo kwenye chaja. Karibu chaja zote za laptopu hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wetu wa volti 230 ukishuka jioni hadi 180, taa za chumbani zitafifia lakini laptopu haitajua. Kinachoisumbua zaidi ni kukatika kwa mguso: soketi iliyolegea, au tundu la chaja kwenye laptopu ambalo limechakaa. Kila mguso unapopotea, mashine inahamia kwenye betri na kufifisha kioo, na unaporudi inakiangaza tena, mara kadhaa kwa dakika. Tazama alama ya betri kwenye kona ya chini: ikibadilika sambamba na kioo, tafuta soketi nyingine, kisha fundi wa tundu la chaja, na pesa ya stabilaiza ibaki mfukoni.

Kioo kimetulia, lakini macho yanauma

Hapa ndipo watu huzungushwa. Fundi anaiangalia mashine na kusema ni nzima. Mtaalamu wa macho anapima na kusema macho ni mazima. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Kioo cha kawaida cha LCD hakitoi mwanga chenyewe, bali kinaangazwa na taa ndogo za LED zilizo nyuma au pembeni yake. Kuna njia mbili za kufifisha taa hizo. Moja ni kupunguza mkondo wa umeme unaoziingia, na mwanga wake unabaki mfululizo. Nyingine ni kuziacha ziwake kwa nguvu zote, lakini kuziwasha na kuzizima haraka mno kiasi kwamba jicho linapokea wastani tu. Njia hii ya pili hujulikana kwa herufi PWM. Chukua kioo kinachozima na kuwaka mara 200 kwa sekunde: kila mzunguko una milisekunde 5. Mwangaza ukiwa asilimia 100, taa haizimi kabisa. Ukiushusha hadi asilimia 20, taa inawaka kwa milisekunde 1 na kuwa giza kwa milisekunde 4. Mtu anayeshusha mwangaza ili apumzishe macho, kwenye kioo cha aina hii, anaongeza muda wa giza katika kila mzunguko.

Jicho halioni kuwaka na kuzima huko moja kwa moja, kwa kuwa kwa watu wengi uwezo wa kukuona hukoma mahali fulani kati ya mara 50 na 90 kwa sekunde. Hata hivyo macho hayatulii yanaposoma. Yanaruka kutoka neno hadi neno, na wakati wa miruko hiyo mwanga unaokatika huacha alama nyingi mahali ambapo mwanga mfululizo ungeacha mchirizi mmoja. Kwamba mwanga usioonekana kukatika unaweza kuumiza si dhana ya mitandaoni. Mwaka 1989 Arnold Wilkins na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa ofisini, wakilinganisha taa za mirija zinazokatika mara 100 kwa sekunde na zile zinazokwenda kwa kasi ya maelfu. Chini ya zile za kasi, wastani wa maumivu ya kichwa na uchovu wa macho ulipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2015 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa mapendekezo kuhusu taa za LED ambayo, kwa mwanga unaokatika mara 200 kwa sekunde, yanataka tofauti kati ya kilele na bonde la mwanga isizidi asilimia 16 ili hatari iwe ndogo, ilhali mwanga unaokatika zaidi ya mara 3,000 hauwekewi kikomo. Mapendekezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya taa za kuangazia, si vioo vya kompyuta, lakini yanatoa picha ya umbali uliopo: kioo cha PWM kinakwenda hadi giza kamili, yaani asilimia 100.

Kipimo hakihitaji kifaa cha gharama. Usiku, zima taa zote za chumba, fungua ukurasa mweupe ujaze kioo, shusha mwangaza hadi robo, kisha upepee penseli kwa haraka kushoto na kulia mbele ya kioo. Mwanga ukiwa mfululizo utaona ukungu mmoja laini. Mwanga ukiwa unakatika utaona penseli nyingi nyembamba zimejipanga kama meno ya kitana. Pandisha mwangaza kidogo kidogo huku ukiendelea kupepea, na utafika mahali ambapo meno hayo yanayeyuka na kuwa ukungu. Mahali hapo pakumbuke. Vioo vingi hutumia PWM chini ya kiwango fulani tu, na kiwango hicho ndicho mpaka ambao hutakiwi kuuvuka kwenda chini. Mwenye simu inayomruhusu kuchagua kasi ya kamera (shutter speed) aiweke kwenye 1/1000 ya sekunde au zaidi na kuielekeza kwenye kioo: milia meusi inayopita kwenye picha ni ushahidi ule ule. Taa za chumba lazima ziwe zimezimwa, vinginevyo utakuwa unapima taa.

Ukishapata mpaka wako, acha mwangaza wa mashine juu yake, na kama bado ni mkali mno, punguza weupe wa picha kwa programu. Programu kama f.lux, au programu nyingine za kutia giza juu ya picha, hazigusi taa ya nyuma. Kwenye Linux amri ya xrandr hufanya kazi hiyo hiyo. Rangi zitapungua uzuri na betri itaisha mapema. Kwa mtu ambaye kichwa kilikuwa kinamuuma kila alasiri, hiyo ni bei ndogo. Kuongeza idadi ya picha kwa sekunde kutoka 60 hadi 120, ambako wauzaji hukusifia sana, hakugusi kabisa namna taa ya nyuma inavyofifishwa.

Vioo vya OLED ni habari nyingine. Havina taa ya nyuma. Kila nukta inajiwakia, na vingi hufifishwa kwa kukata mwanga mara 240 au 480 kwa sekunde. Baadhi ya watengenezaji huweka kwenye programu zao chaguo la kufifisha bila kukata, na mwenye OLED aanze hapo. Kuna pia vioo vya bei nafuu vyenye rangi pungufu, ambavyo huzidanganya nukta zibadilishane rangi mbili za jirani katika kila picha ili zionekane kuwa rangi ya tatu. Wapo watumiaji wanaosema hilo huwaumiza, lakini penseli haitakuonyesha, na njia nyepesi ya kulijaribu ni kutumia monita nyingine kwa siku chache.

Umeme unapokatika mambo yote haya hukutana kwa pamoja. Mashine inahamia kwenye betri na kufifia yenyewe. Mwenye nayo anaififisha zaidi ili betri imfikishe mwisho wa kazi. Chumba ni giza, mboni za macho zimepanuka, na kioo ndiyo taa pekee. Mtu aliyefanya kazi bila shida mchana kutwa anaamka asubuhi na kichwa kizito. Washa taa ya sola au ya kuchaji, uielekeze ukutani nyuma ya kioo, na usiushushe mwangaza chini ya mpaka hata kama betri itakwisha mapema.

Ikiwa dalili hazihami pamoja na mashine

Ukiumwa ofisini na nyumbani huumwi, kwa laptopu ile ile, tazama dari. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya mrija yenye balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wake) ya zamani, pamoja na balbu nyingi za LED za bei ya chini, hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Kamera ya simu itakuonyesha milia hiyo ukiielekeza kwenye ukuta mweupe. Fanya kazi siku mbili karibu na dirisha taa zikiwa zimezimwa, dirisha likiwa ubavuni mwako, na balbu ikithibitika kuwa chanzo, ibadilishe.

Kuanzia Juni hadi Agosti huongezeka jambo lingine. Hewa ya nyanda za juu ni kavu, upepo una vumbi, na mtu anayekodolea kioo hupepesa kope nusu au chini ya nusu ya kawaida yake, ambayo ni kama mara 15 kwa dakika. Macho yanayochoma kana kwamba yana mchanga, yakatulia ukiyafumba kwa dakika moja, ni macho makavu. Shusha kioo kiwe chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa zaidi ya jicho, na kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Msimu huo huo, huko Makete, Njombe na Mafinga, watu huingiza jiko la mkaa ndani. Ikiwa kichwa kinakuuma ukiwa kwenye laptopu na jiko liko chumbani, uliza kama asiyetazama kioo naye anaumwa, au ana kizunguzungu na kichefuchefu. Akikubali, achaneni na kompyuta, tokeni nje mara moja na mfungue milango na madirisha, kwa sababu hiyo ni dalili ya gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua.

Mwenye zaidi ya miaka 40 ajiulize kuhusu miwani. Miwani ya kusomea huwa imepangwa kwa umbali wa kitabu, karibu sentimita 40, ilhali kioo kipo kwenye sentimita 60, na macho hulazimishwa siku nzima. Mwambie anayekupima umbali halisi unaokaa na kompyuta yako. Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu siipendekezi: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, mwaka 2023 hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi uliopimwa.

Mmemeto wenye umbo la meno ya msumeno au mstari wa kupindapinda, unaobaki hata ukitazama ukutani au ukifumba macho, hautoki kwenye kioo. Mara nyingi ni kipandauso, na hupita ndani ya saa moja. Lakini vimulimuli vya ghafla vikiambatana na vidoti vingi vyeusi au kivuli kama pazia, jicho jekundu lenye maumivu makali na duara za rangi kuzunguka taa, au kupotea kwa uoni, ni vya kupeleka hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo. Mwenye kifafa, au aliyewahi kupoteza fahamu mbele ya mwanga unaomulika, asikae mbele ya kioo kinachowaka na kuzima waziwazi hata kwa ajili ya vipimo. Ampe mtu mwingine avifanye.

Unapobadilisha kioo au kununua mashine

Mashine mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na vioo vya viwanda tofauti, na iliyokwishatumika inaweza kuwa ilishabadilishiwa kioo kabla haijafika kwako. Tovuti ya Notebookcheck hupima PWM kwenye laptopu inazozichambua, lakini kipimo chake ni cha kioo kile walichokuwa nacho. Cha kwako kitambue kwa kufungua Device Manager, sehemu ya monita, na kusoma namba ya kifaa: herufi LGD ni za LG, AUO za AU Optronics, BOE za BOE, CMN za Innolux na SDC za Samsung. Fundi akikubadilishia kioo, namba hiyo itabadilika, na mpaka wa mwangaza ulioupata kwa penseli utabidi upimwe upya.

Dukani, mwombe muuzaji akusogezee mashine mahali penye giza kidogo, shusha mwangaza hadi robo, na upepee kalamu mbele ya ukurasa mweupe kabla ya kuzungumza bei.